Sikuiba, Nimepewa

Siku ya tisa tangu apasuliwe kifundo cha mguu, Swabaha aliona udongo chini ya ukucha wa kidole gumba. Kidole chenyewe kilikuwa cha mguu wa kulia, mguu uliofungwa plasta, mguu ambao haukuwa umegusa ardhi tangu alipolazwa juu ya meza ya upasuaji.

Ulikuwa udongo mweusi, wenye chembe za vijiwe vyepesi. Aliukwangua kwa ncha ya pini, akauweka kiganjani, akautazama. Nyumba yao ya mtaa wa Daraja Mbili ilikuwa na sakafu ya saruji toka sebuleni hadi uani, na uani kwenyewe kulimwagwa zege zamani, wakati baba mkwe wake yu hai. Udongo wa namna ile haukuwapo pale.

"Mama," akaita. "Nani kanishika mguu?"

Bi Salha, mama mkwe wake, aliingia akifuta mikono kwa kanga. "Nani akushike? Vidole nimekuosha jana jioni, vikang'aa kama vya bi harusi." Akainama, akatazama. "Swabaha, mwanangu, niambie kweli. Umekanyaga?"

"Nimeshuka na magongo kwenda msalani. Mguu huu nimeubeba hewani kama yai."

"Basi labda ni macho yangu."

Alileta beseni, akaosha kidole baada ya kidole. Alipomaliza, maji yote yalikuwa meusi.

Swabaha alikuwa fundi cherehani, na mguu wake wa kulia ndio uliosukuma pedali kwa miaka kumi na minne. Miaka miwili iliyopita aliteleza kwenye ngazi za sokoni, kifundo kikapinda, kikavimba, kikanywea, lakini maumivu hayakuondoka. Daktari Elinaza, mwanamke mrefu wa maneno machache, alimchorea picha kwenye karatasi: kipande cha gegedu juu ya mfupa, kidogo kama ukucha, kimebanduka na kufa. Atakitoa. Mahali pake ataweka kipande kizima kutoka pembeni mwa goti la Swabaha mwenyewe.

"Kiraka," Swabaha alisema. "Cha kitambaa kilekile."

"Umesema vizuri kuliko wanafunzi wangu," daktari alijibu. Kisha akaacha kutabasamu. "Lakini wiki sita usikanyage. Hata mara moja. Kiraka kikibonyea kabla hakijashika, sitakuwa na kingine cha kuweka. Hapo cherehani utaisahau, na kutembea bila gongo utakusahau."

Wiki sita. Swabaha aliyashika maneno yale kama mtu anavyoshika kamba juu ya korongo.

Kile kipande kilichokufa, Bi Salha alikiomba palepale hospitalini. Kiungo cha Muislamu hakitupwi pamoja na pamba na mabomba ya sindano, alisema, kinazikwa. Daktari hakubisha, si mara ya kwanza kuombwa. Alimpa katika kichupa chenye kifuniko. Bi Salha akakivingirisha kwa kitambaa cheupe, akamkabidhi mwanawe Shomari, mume wa Swabaha, apeleke makaburini. Siku ya tatu jioni Shomari akarudi akasema, "Tayari, mama. Nimeshazika." Hakuna aliyeuliza zaidi.

Shomari alikuwa fundi umeme, mtu wa haraka, mtu wa kucheka, na mwaka huo alikuwa na jambo moja tu kichwani. Alikuwa anajenga. Kiwanja kilikuwa juu Olmotonyi, pale mashamba ya mahindi yanapokwisha na msitu wa Mlima Meru unapoanza, na nyumba aliyoichora ilikuwa ya mtu mwenye mguu mbovu: haina ngazi hata moja, milango mipana, choo cha ndani. Siku ya tatu baada ya upasuaji walimwaga zege la msingi. Tangu hapo, kila alasiri alirudi na vumbi la saruji nywelani na habari mdomoni.

"Zikiisha wiki zako sita," alimwambia mkewe, "nataka sakafu ya kwanza kuikanyaga iwe yako mwenyewe."

"Na mimi?" Bi Salha aliuliza. "Nilisubiri mkwe wa kunipikia, nikapata wa kumpikia. Sasa mnahama mnaniacha na masufuria yangu?"

"Wewe ndiye wa kwanza kuhama, mama. Nyumba bila kelele zako itaanguka."

Walicheka wote watatu. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka pamoja katika chumba kile.

Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, Bi Salha alikwenda sokoni Kilombero. Jua lilikuwa limejaa dirishani. Redio ya jirani iliimba, ikatangaza, ikaimba. Swabaha alilala chali, mguu juu ya mito mitatu, akichezesha vidole kama alivyofundishwa ili damu izunguke.

Kwanza ilikuja harufu. Ilikuwa harufu ya saruji mbichi, ile iliyochanganywa sasa hivi, baridi na kali puani. Alidhani jirani anakarabati. Kisha ikaja sauti.

Dup.

Kimya.

Dup.

Mtu anayetembea ana miguu miwili, na sikio linajua hilo bila kufundishwa. Hatua ya kwanza huuliza, ya pili hujibu. Hapa hatua iliuliza na hakuna iliyojibu. Ilitoka mlango wa nje, ikapita sebuleni, nzito, polepole, na Swabaha akataka kuita lakini ulimi ulikuwa umekauka, akataka kushika gongo lakini gongo lilikuwa ukutani, akabaki kuutazama mlango wa chumba uliokuwa wazi, akisikia dup kwenye korido, akisikia dup kwenye kizingiti, akiona sakafu tupu mbele ya macho yake ikipata unyayo, unyayo wa kijivu, mbichi, unaong'aa, kisha mwingine mbele yake, kisha mwingine, na hakuna mguu uliokuwa ukikanyaga, na hakuna mtu juu ya mguu, mpaka alama ya mwisho ikajichora chini ya kitanda chake, ambako macho hayakufika, na palepale ndani ya plasta kifundo chake kikaingia baridi, kana kwamba kuna kitu kimepanda kulala.

Redio ya jirani ilikuwa ingali inaimba.

Bi Salha aliporudi alisimama mlangoni na kikapu mkononi. Nyayo zilikuwa zimeshakauka. Alipiga magoti akazigusa. Zote zilikuwa za mguu wa kulia, na kidole cha pili kilikuwa kirefu kupita gumba, kama kile cha Swabaha.

"Mama, siyo mimi," Swabaha alinong'ona.

"Najua siyo wewe. Kwani wewe una saruji miguuni?" Aliinuka akaleta kisu cha jikoni, akaanza kuzibandua moja moja. "Shomari tusimwambie. Ana mambo mengi. Tusome kwanza sisi."

Walichoma ubani, wakasoma Yasini, na siku tatu nyumba ikatulia.

Siku ya kumi na nne walikwenda hospitali kutoa nyuzi. Plasta ilikatwa, mguu ukapigwa picha. Daktari Elinaza alizitazama picha kwa muda mrefu, kisha akaomba kila mtu atoke isipokuwa mgonjwa.

"Swabaha, kiraka kimeanza kubonyea."

"Sijakanyaga, daktari."

"Picha inasema mguu huu umesimama. Tena siyo kidogo. Umesimama na mzigo, masaa." Sauti yake haikuwa ya ukali, na hilo ndilo lililouma. "Mimi si mama yako, sigombi. Ila ukiendelea hivi wiki mbili nyingine, nitakuwa nimekupasua bure."

"Naapa kwa Mungu sijakanyaga."

Daktari aliandika kitu kwenye faili. Akafunga plasta mpya, nyeupe, ikaishia vidole vinne chini ya goti. Swabaha alivihesabu vidole vile kwa macho, kwa mazoea tu, kama fundi anavyoona inchi kwenye nguo ya mtu anayepita njiani.

Kwa hiyo kesho yake jioni alipoona vidole vitatu, alijua kwamba hakosei.

Alichukua chaki yake ya bluu ya kuchorea vitambaa, akapiga mstari kwenye ngozi, pale ukingo wa plasta ulipoishia. Alasiri iliyofuata mstari haukuonekana. Plasta ilikuwa imeufunika. Alipiga mwingine. Ukafunikwa. Na plasta haikuwa tena nyeupe. Chini, kwenye kisigino, ilikuwa imegeuka kijivu, na alipoigonga kwa pete haikulia kama plasta.

Ijumaa mstari ulibaki. Jumamosi ukamezwa, na kidole kizima zaidi.

Shomari aliingia jioni hiyo akinukia jasho na saruji, akambusu kipajini. "Mke wangu, ungeona! Leo fundi Lesikar kaikasirikia kazi, imetembea. Kozi tatu za tofali kwa siku moja."

"Na jana?"

"Jana ilikuwa Ijumaa. Mafundi nimewapumzisha, nilikuwa msikitini."

"Juzi?"

"Kozi moja. Mvua ilitukatisha." Akacheka. "Umekuwa msimamizi wa ujenzi sasa?"

Swabaha hakucheka. Aliishika kanga iliyomfunika, akaivuta pembeni. "Shomari. Kila mkipanda, na hii inapanda. Mkipumzika, na yenyewe inapumzika. Tazama. Jumatatu ilikuwa hapa. Leo imefika kwenye goti."

Alitazama. Kwa muda aliitazama plasta ile kama fundi umeme anavyoutazama waya asioujua unatoka wapi. Kisha akainua mkono akagonga, mara moja, kwa kifundo cha kidole.

Lililolia lilikuwa tofali.

"Ni uvimbe," alisema. "Mguu unavimba, plasta inasogea." Lakini rangi ilikuwa imemtoka usoni, na usiku ule hakula.

Bi Salha hakungoja tena. Jumapili alasiri alimleta Ustadhi Shamsudin, mzee mwembamba wa msikiti wa mtaa wa pili, aliyekuwa amewasomea watu wa Daraja Mbili tangu enzi za mumewe. Hakuleta mkoba wa dawa. Alileta msahafu, na maji ya kisima ndani ya chupa ya soda.

"Shikamoo, ustadhi," Swabaha alisema kutoka kitandani.

"Marahaba, binti yangu. Usinyanyuke, maana naona hujapewa ruhusa." Aliketi, akanusa hewa. "Hapa mnajenga?"

"Hapa hapana," Bi Salha alijibu.

"Mbona pananukia zege?"

Shomari alikuwa amesimama mlangoni, mikono mifukoni.

Ustadhi akaanza kusoma. Alisoma kwa sauti ya chini, isiyopanda wala kushuka, na mwanzoni hakuna kilichotokea ila nzi mmoja aliyegonga dirisha. Kisha mito iliyobeba mguu ikaanza kubonyea, taratibu, kana kwamba mguu unaongezeka uzito kwa kila aya, mpaka mbao za kitanda zikalia, na harufu ikajaa chumba kizima, harufu ya udongo uliochimbwa na majani ya msituni yaliyooza na maji ya chokaa, na Swabaha ambaye macho yake yalikuwa wazi na akili yake ilikuwa timamu na ambaye alisikia kila neno linalosemwa na kuona kila uso uliokuwapo, alihisi mdomo wake ukifunguka bila yeye kuufungua, na sauti ikatoka, sauti yake mwenyewe, ya kawaida, kama anayeomba apitishiwe chumvi.

"Sikuiba," ilisema. "Nimepewa."

Bi Salha alijiziba mdomo kwa kanga.

"Nani kakupa?" ustadhi aliuliza.

"Mwenye nyumba. Alikuja asubuhi kabla jua halijashika. Alichimba kwenye kona kwa mkono wake. Aliweka nyama ya mtu, akasema maneno mema, akafunika. Wenzake hunipa mbuzi. Yeye kanipa mtu. Nimepokea kidogo alichotanguliza, nangoja kilichobaki."

"Muongo wewe," ustadhi alisema.

"Muulize."

Wote waligeuka mlangoni. Shomari alikuwa ameteleza na ukuta mpaka chini, amekaa sakafuni kama mtoto.

"Shomari," mama yake alinong'ona. "Si ulisema umezika makaburini?"

"Lori la kokoto lilikuwa limefika, mama." Alisema polepole, akiitazama sakafu. "Saruji imeshachanganywa, mafundi wamesimama. Zege halingoji. Makaburi yako upande mwingine wa mji. Lesikar akaniuliza, bosi, mbuzi yuko wapi? Kwao huko hawamwagi msingi bila damu. Nikamwambia mimi sina mambo hayo. Lakini kichupa kilikuwa mfukoni." Akaugusa mfuko wenyewe. "Nikafikiri, ardhi ni ardhi. Safi, yetu wenyewe. Nikafikiri, hata kama hatatembea vizuri, kitu chake kitakuwa ndani ya nyumba yake. Nikasoma Fatiha, nikaweka kwenye kona ya chumba chetu. Swaba, nilidhani ni mapenzi."

Swabaha alitaka kumjibu, lakini mdomo haukuwa wake bado. Machozi tu ndiyo yalikuwa yake, na yalitoka.

Ustadhi alifunga msahafu. Ghafla alionekana mzee sana. "Mwizi ningemfukuza," alisema. "Nimefukuza wezi wengi. Lakini huyu alikuwa na mahali pake, mkamfuata kwake, mkamkabidhi kwa bismillahi. Mkono uliotoa ndio unaoweza kurudisha. Nenda sasa hivi. Vunja ile kona, toa kile kichupa, mpe mnyama kama anavyopewa na wenzako. Mimi nabaki hapa nasoma. Na uwahi, Shomari. Plasta imeshavuka goti."

Saa kumi na moja na nusu Shomari alikuwa Olmotonyi na nyundo kubwa na mtaimbo. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani, ukaiweka miti ya msitu mbali na karibu kwa zamu. Lesikar, fundi wake, Mwarusha wa hapohapo kijijini, alimngoja na mbuzi dume mweusi aliyeagizwa kwa simu.

"Nilikuuliza siku ile, bosi," Lesikar alisema.

"Uliniuliza."

"Ukakataa, kisha ukaweka kitu kwenye kona. Nikasema huyu mtu wa mjini labda ana namna yake."

"Nisaidie kuvunja."

"Hapana." Lesikar alirudi nyuma hatua mbili. "Mbuzi nitachinja kwa mila ya hapa, kama nilivyomuona babu akifanya. Kuvunja, vunja mwenyewe."

Alivunja. Ukuta ulikuwa umefika usawa wa kiuno, na kila tofali alilolipanga kwa furaha alilitoa kwa hofu. Kisha zege. Mapigo matatu, pumzi. Mapigo matatu, pumzi. Vipande viliruka vikamchana mikono. Kule Daraja Mbili, kama alivyosimulia Bi Salha baadaye, kwa kila pigo plasta ilipiga ufa, na Swabaha alipiga kelele kwa sauti yake mwenyewe, na ustadhi hakuacha kusoma hata pale maji ndani ya chupa yake yalipogeuka kijivu.

Kichupa kilikuwa pale alipokiweka. Kitambaa kilikuwa kikavu, kisafi. Lakini zege lililokizunguka lilikuwa limejiacha wazi kama kalibu, na Shomari aliingiza mkono kwenye uwazi ule akapapasa, akakuta vidole vitano, na cha pili kirefu kupita gumba, akakuta kisigino, kifundo, muundi, goti. Mguu mzima ulikuwa umeshaandaliwa nafasi. Kulikuwa kunangojwa mguu tu.

"Chinja," alisema.

Lesikar alichinja pembeni mwa shimo. Damu ilishuka, ikafika kwenye uwazi ule, ikakaa. Ilikaa juu ya udongo mweusi kama maji juu ya karatasi ya nailoni. Walingoja. Ukungu ulipita. Damu haikupungua hata tone.

"Haijanywa," Lesikar alinong'ona. "Bosi, sijawahi kuona hii. Ardhi imekataa."

Simu ya Shomari ikaita mfukoni. Ilikuwa sauti ya mama yake, na nyuma yake sauti ya ustadhi ikisoma kwa kasi. "Imepasuka lakini haitoki, mwanangu! Inapasuka na kujifunga! Imeanza kupanda tena, iko pajani, Shomari, inamfikia—"

Alikata simu.

Alisimama kidogo akiutazama mlima, ambao haukuonekana. Halafu akainama akafungua kamba za buti la kulia. Akalivua, akavua soksi.

"Unafanya nini?" Lesikar aliuliza. "Shomari! Unafanya nini?"

"Sauti ile ilisema mwenye nyumba ndiye katoa." Aliingiza mguu ndani ya shimo, ndani ya damu, ndani ya uwazi ule uliokuwa na umbo la mkewe. Akauambia udongo: "Basi kosa ni la mwenye nyumba. Huyu fundi cherehani anaitaka kazi yake. Mwachie wake, chukua wangu. Nimetoa mimi, kwa akili zangu, na Lesikar ni shahidi."

Lesikar alisema baadaye kwamba hapakuwa na ngurumo wala upepo. Damu ilipungua tu. Ilizama kuzunguka ule mguu, kwa haraka, kwa sauti ndogo ya mdomo unaonyonya, na udongo ukabaki mkavu.

Na Daraja Mbili plasta ilifunguka vipande viwili, kama ganda, ikaanguka sakafuni. Ndani yake mguu wa Swabaha ulikuwa mweupe, mwembamba, wenye joto. Bi Salha aliukumbatia akilia.

Kichupa kilizikwa makaburini usiku huohuo. Shomari alikizika mwenyewe, na mara hii mama yake alisimama akamtazama. Ukuta wa Olmotonyi ulibaki na kona iliyobomolewa, na Shomari akasema ujenzi wameuacha, kiwanja watamwachia atakayekitaka. Juu ya lile alilolifanya shimoni hakusema neno, na Lesikar aliondoka kijijini siku ya pili akaenda kwa dada yake Makumira.

Daktari Elinaza alifunga plasta mpya na kupiga picha mpya. Kiraka kimeshika, alisema. Alizigeuza picha zile mbili, ya zamani na ya sasa, akakunja uso, akazirudisha kwenye faili bila swali.

Wiki ya sita ilipokamilika, Shomari alimsindikiza mkewe kwenye chumba cha mazoezi ya viungo. Alijitolea kumbebea gongo moja. Mtaalamu aliitwa Theresia, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya.

"Haya, dada, shika vyuma viwili hivi. Shusha mguu. Sakafu haing'ati."

Swabaha alishusha kisigino. Akasikia ubaridi wa vigae, kisha uzito wake mwenyewe, akauachia kidogo, akauachia zaidi. Hakukuwa na maumivu. Kulikuwa na mguu tu, wake, chini yake.

"Hatua moja," Theresia alisema. "Eeh! Ya pili. Jamani, mtazameni huyu, anatembea kama anakwenda kuchukua mahari!"

Hatua nne. Tano. Sita. Swabaha alikuwa akicheka na kulia, na alipofika mwisho wa vyuma akageuka. "Shomari, umeona?"

"Nimeona."

Alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na mlango. Swabaha akatambua kwamba mumewe amekuwa akiketi kwa siku nyingi. Amekuwa akilala sebuleni, akisema asimgonge mguu. Amekuwa akilala na viatu, akisema baridi. Na lile gongo alilosema anambebea lilikuwa kwapani mwake, nalo lilikuwa limeacha mkunjo mzito kwenye shati, alama ya mtu aliyeliegemea njia nzima.

Aliviachia vile vyuma. Alitembea mpaka kwake, hatua tisa, bila kushika kitu, na Theresia akapiga makofi nyuma yake.

"Simama unishike," alimwambia.

Shomari alinyoosha mikono miwili, akatabasamu, lakini hakusimama.

Swabaha aliinama. Aliweka kiganja juu ya goti la kulia la mumewe, na ubaridi ukapenya kitambaa cha suruali ukamfikia mfupani. Alikunja kidole akagonga, polepole, asisikie Theresia. Tofali likajibu.

"Ulifanya nini kule?" alinong'ona.

"Nilirudisha."

"Si ulisema mmeacha kujenga? Nani anajenga, Shomari? Lesikar hayupo. Nani anajenga?"

"Hakuna anayejenga, Swaba." Alikuwa akiitazama miguu ya mkewe, ile miwili iliyosimama juu ya vigae, kwa macho ya mtu mwenye njaa. "Nilipita kuangalia Jumatatu. Ile kona imejiziba. Inapanda yenyewe."

"Imefika wapi?"

Alichukua mkono wa mkewe kutoka kwenye goti, akaupandisha pajani, juu, juu zaidi, mpaka pale baridi ilipokoma na nyama ya mtu ikaanza.

"Madirishani," alisema. Kisha akauachia mkono ule, kwa upole, akamsukuma kidogo kuelekea kwenye vyuma. "Rudi kule. Tembea tena. Tembea nikuone."